Si kila homa ni dharura, na si kila dharura ina homa

Yeyote aliyewahi kumpeleka mgonjwa katika hospitali kubwa usiku wa mwisho wa juma anayajua yale mabenchi ya nje ya chumba cha dharura. Amekaa kijana mwenye mafua ya siku tatu. Amekaa mama aliyempakata mtoto mwenye upele, na mzee aliyeishiwa vidonge vyake vya presha tangu Jumatano. Katikati yao huenda amekaa baba ambaye mkono wake mmoja umeanza kulegea na maneno yake hayatamkiki vizuri. Yuko kimya, kwa kuwa ni mtu mwenye haya na hataki kuwapita waliomtangulia.

Baba huyo ndiye anayetushughulisha katika makala ya leo. Kila dakika anayokaa pale inamgharimu kitu ambacho hakitarudi. Wale waliomzunguka hawana nia mbaya naye, lakini wingi wao ndio unaomficha machoni mwa muuguzi.

Familia zetu hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaokimbilia chumba cha dharura kwa maradhi ambayo zahanati ya mtaani ingeyamaliza asubuhi. Na wapo wanaochelewa nyumbani na mgonjwa wa hatari, wakimpaka mafuta na kumpa maji ya tangawizi, mpaka hali inapokuwa mbaya ndipo inatafutwa bajaji. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: hatujafundishana dharura ni nini. Mara nyingi, nyumba ile ile hukimbia kwa jambo dogo mwezi huu na kuchelewa kwa jambo kubwa mwezi ujao.

Foleni isiyofuata saa ya kufika

Chumba cha dharura hakifanyi kazi kama kliniki ya kawaida. Kliniki hufuata namba: aliyefika wa kwanza huonwa wa kwanza. Katika chumba cha dharura, mgonjwa hupangwa kwa kadiri ya hatari aliyonayo. Muuguzi anayepokea wagonjwa humtazama kila mmoja kwa muda mfupi. Huangalia anavyopumua, hupima mapigo ya moyo, presha na joto la mwili, na huangalia kama ana fahamu kamili. Kisha humweka katika kundi lake.

Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka, limeandaa mwongozo wa kazi hiyo wenye rangi tatu. Nyekundu ni ya mgonjwa anayepaswa kuhudumiwa papo hapo. Njano ni ya anayehitaji kuonwa mapema lakini anaweza kusubiri kidogo. Kijani ni ya yule ambaye kusubiri hakutamdhuru.

Utaratibu wa namna hii una historia ndefu. Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika majeshi ya Napoleon zaidi ya miaka 200 iliyopita, aliwatibu majeruhi kwa uzito wa majeraha yao bila kutazama cheo wala upande waliopigania. Hapa Tanzania, tiba ya dharura kama fani inayojitegemea bado ni changa. Idara kamili ya magonjwa ya dharura katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Kwa hiyo wazee wetu wengi, na hata sisi tulio watu wazima leo, tumekulia katika zama ambazo hospitali ilikuwa na foleni moja tu. Ndiyo maana mtu wa kijani, akiona aliyefika nyuma yake anaingizwa kwanza, hudhani amedharauliwa, au kwamba mwenzake ana ndugu mle ndani.

Sasa tuyatazame madhara ya msongamano. Muuguzi mmoja akiwa na watu 10 wa kuwatazama, atawaona wote kwa utulivu. Wakiwa 60, macho yake yaleyale yanagawanywa mara sita, na wengi kati ya hao 60 ni wa kijani. Vitanda, mashine za oksijeni na mikono ya daktari wa zamu haviongezeki kwa sababu watu wameongezeka. Hatari kubwa zaidi ni kwamba wagonjwa mahututi mara nyingi hawana kelele. Mtoto anayelia kwa nguvu anapumua, na ana nguvu za kulia. Mtoto wa kuogopewa ni yule aliyelegea begani mwa mama yake, asiyelia, asiyetaka ziwa, ambaye kila anayepita humdhania amelala. Katika ukumbi uliojaa, huyo ndiye anayepitwa kwa urahisi.

Kwa nini watu huja

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Anayekwenda chumba cha dharura na mafua saa tatu za usiku mara nyingi ana sababu, na sababu nyingine ni za kweli.

Kwanza, saa za kazi. Zahanati nyingi hufunga mchana au jioni, na vibarua, mamantilie na madereva hurudi nyumbani giza limeingia. Mtoto aliyeamka na joto asubuhi anapata mtu wa kumpeleka baada ya Isha. Pili, watu wamechoka kuambiwa kipimo hakipo, au kuandikiwa dawa wakanunue nje. Anayeambiwa hivyo mara mbili hujiona mjinga kurudi mara ya tatu, akaamua kwenda moja kwa moja mahali penye kila kitu. Tatu, hofu ya mzazi. Homa ya usiku humwogopesha mama kuliko homa ya mchana, na aliyewahi kufiwa na mtoto hawezi kuambiwa atulie kwa maneno matupu.

Tatizo hili wala si la kwetu peke yetu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye chumba cha dharura kumpima kila ajaye na kumtuliza aliye hatarini, awe na fedha au asiwe nazo. Ni sheria ya huruma. Lakini kwa mtu asiye na bima, mlango huo umekuwa ndio wenye uhakika wa kufunguka, naye huupitia hata kwa maradhi madogo. Uingereza, yenye huduma ya afya isiyolipiwa mlangoni, imeweka namba ya simu 111 ili mgonjwa aulize kwanza aende wapi kabla ya kutoka nyumbani. Tajiri na maskini wamefika kwenye fundisho moja: milango mingine ikiwa migumu kufunguka, watu watajaa kwenye ule usiofungwa.

Hapa kwetu ngazi za huduma zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa kama vile Amana, Temeke na Mwananyamala kwa wakazi wa Dar es Salaam, kisha hospitali za kanda na ya taifa. Mpango wa maendeleo ya afya ya msingi ulioanza mwaka 2007 uliweka lengo la zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Kusudio lake lilikuwa mgonjwa aanze karibu na kwake, apelekwe juu kwa barua ya rufaa inapobidi, na aliye katika dharura tu ndiye aruke ngazi.

Neno tunalolijua msikitini

Sisi Waislamu hatukupaswa kuwa wageni wa neno dharura. Tumelisikia katika darsa tangu utotoni. Wanazuoni wa fiqhi wameyagawa mahitaji ya mwanadamu katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambayo ikikosekana maisha au dini ya mtu huangamia. Ya pili ni haja, ambayo ikikosekana mtu hupata tabu na dhiki lakini haangamii. Ya tatu ni tahsini, yaani mambo ya kuyapendezesha maisha. Na katika yale matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, uhai umo pamoja na dini, akili, kizazi na mali.

Mwenye mafua ana haja, na haja yake ni ya kweli. Anastahili kutibiwa, tena kwa heshima. Lakini haja haitangulizwi mbele ya dharura, na dharura ya mwenzako ina haki juu yako hata kama humjui jina. Tunajua kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake: aliyeruhusiwa kula mfu kwa njaa haruhusiwi kushiba na kubeba akiba. Kipimo hicho hicho tukipeleke hospitalini. Tutumie mlango wa dharura kwa kadiri ya dharura, na haja zetu tuzipeleke kwenye milango ya haja.

Umma huu pia una urithi katika jambo hili. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, hema la Bibi Rufaida liliwekwa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, na humo ndimo alimotibiwa Saad bin Muadh (r.a.) baada ya kujeruhiwa. Lilikuwa hema la majeruhi, karibu na watu, chini ya mikono ya mwanamke aliyeijua kazi yake. Na katika msikiti wa Ahmad ibn Tulun mjini Cairo, uliokamilika mwaka 879, palitengwa mahali pa dawa, na siku ya Ijumaa daktari aliketi hapo kumhudumia atakayeugua ghafla miongoni mwa wenye kuswali. Wakati huohuo mji ulikuwa na hospitali yake kubwa. Walijua kwamba si kila mgonjwa apelekwe kwenye mlango mmoja.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Tunaomba sehemu hii ikatwe na kubandikwa ukutani, mahali ambapo hata msichana wa kazi au bibi mlezi ataiona. Ukiiona mojawapo ya dalili hizi, usisubiri, usiulize jirani, usitafute kwanza fedha ya ziada. Ondoka.

Kwa mtoto chini ya miaka mitano: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea sana au hazinduki vizuri, mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni pumzi za haraka, naye anahitaji kuonwa siku hiyohiyo. Mtoto aliye chini ya miezi miwili ni wa hukumu ya peke yake: joto la nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani, au mwili kuwa wa baridi isivyo kawaida, au kukataa ziwa, ni dharura hata kama anaonekana hana tatizo jingine.

Kwa mtu mzima: maumivu ya kifua yanayobana, hasa yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, ulimi kuwa mzito, kupoteza fahamu, kutoka damu isiyozuilika, kuumwa na nyoka, kunywa sumu, kuungua sehemu kubwa ya mwili, au usoni, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, au homa yenye shingo kukakamaa. Kwa mwenye kiharusi, tukumbuke kwamba zipo dawa za kuyeyusha damu iliyoganda ambazo hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, pale zinapopatikana. Anayelazwa nyumbani mpaka alfajiri ameshapitwa.

Kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, degedege, homa kali, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, Tanzania ina namba ya simu 115 ya usafiri wa dharura, isiyotozwa malipo. Iandikeni kabla ya kuihitaji.

Kwa mwenye kisukari, hasa katika Ramadhani: akitetemeka, akatoka jasho jembamba na kuanza kuchanganyikiwa, sukari yake huenda imeshuka. Afungue saumu hapo hapo kwa kitu cha sukari, kwani sharia imempa ruhusa. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Haja zinazoweza kwenda zahanati

Mafua, kikohozi chepesi bila kukosa pumzi, upele usio na homa, jino linalouma, maumivu ya mgongo ya muda mrefu, dawa za kila mwezi zilizokwisha, majibu ya vipimo, kidonda cha kubadilisha bandeji: haya ni ya zahanati, kituo cha afya au kliniki ya mchana. Mafua hayatibiwi kwa antibayotiki popote pale, hata ukilala kwenye benchi la hospitali ya taifa.

Homa ya mtoto asiye na dalili za hatari tulizozitaja si ya kupuuzwa, lakini pia si lazima iende hospitali kubwa. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa majibu ndani ya dakika 20 hivi, nacho hufanyika katika zahanati. Mtoto apimwe ndani ya siku moja tangu homa ianze. Usianze dawa ya malaria kwa kubahatisha, wala usihesabu kwamba kutulia kwa joto baada ya kumeza parasetamoli ni kupona.

Kuharisha huanza kutibiwa nyumbani. Mpe mtoto maji ya ORS kidogo kidogo na mara kwa mara, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na upate vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, au kinyesi kikawa na damu, safari ya kutafuta tabibu imewadia.

Maduka ya dawa muhimu ya mtaani yana nafasi yake, lakini muuzaji si tabibu, na kaunta si chumba cha vipimo. Anayenunua dawa tano kwa kuelezea tu dalili, mara nyingi ananunua kuchelewa.

Mambo ya kufanya kabla ya usiku kuingia

Uamuzi mzuri haufanyiki saa nane za usiku mtoto akiwa mikononi. Hufanyika mchana, watu wakiwa wametulia. Kila nyumba iweke sawa mambo haya machache. Ijue ni kituo gani cha afya kilicho karibu kinachofanya kazi usiku kucha. Vipo, na wengi hatuvijui kwa kuwa hatujawahi kuuliza. Iwe na namba za madereva wawili wa bajaji au teksi wanaopokea simu usiku. Kadi za bima, kadi ya kliniki ya mtoto na orodha ya dawa anazotumia mgonjwa wa muda mrefu zikae mahali pamoja. Dawa za presha na kisukari zifuatwe kliniki juma moja kabla hazijaisha. Na wote wafahamu huduma ya kwanza: aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala yai, mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika, damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia.

Jumuiya nazo zina wajibu wao. Misikiti yetu ina vipaza sauti, ina mabaraza ya akina mama na ina madrasa zilizojaa vijana. Darsa moja kwa mwezi ikitolewa kwa muuguzi au tabibu wa mtaa huo kufundisha dalili za hatari, maamuma wataelewa kwa mwaka mmoja yale ambayo hospitali imeshindwa kuyaeleza mlangoni kwa miaka. Tena vituo vya serikali vina kamati za usimamizi zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Ni wangapi kati yetu wanaowajua wajumbe wao? Saa za kufungua zahanati, upungufu wa vipimo na dawa zisizofika ni mambo ya kupelekwa huko, kwa adabu na kwa kuendelea bila kuchoka. Kuwaambia watu wasiende hospitali kubwa huku zahanati imefungwa ni kuwafungia mlango bila kuwaonyesha mwingine.

Neno la mwisho tunalielekeza kwa wazazi wenye hofu. Hakuna aliyesoma ukurasa huu aondoke na fikra kwamba ni dhambi kumpeleka mtoto hospitali. Ukiwa umezitazama dalili, ukaona usiyoielewa, na moyo wako unakuambia huyu si wa kawaida, nenda. Macho ya mama yana elimu yake, na kumwambia muuguzi "mtoto huyu leo si yeye" ni taarifa yenye uzito. Akikuweka katika kundi la kijani, mshukuru Allah, kwa maana umeambiwa mwanao hayuko hatarini. Keti, usubiri bila kinyongo. Na umwonapo aliyefika nyuma yako anapitishwa mbio kwenye kitanda cha magurudumu, sogeza miguu apite, na umwombee dua.

Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaokesha kuwahudumia. Amin.